Mwendo wa Shangazi

Bibi alikuwa hatembei. Yaani, miguu ilikuwa inakwenda. Mguu wa kulia ukitangulia, mkono wa kushoto nao unatangulia, kikapu kinaning'inia mahali pake, kila kitu kama kinavyotakiwa. Lakini ukimtazama kwa muda unajiambia moyoni: huyu hatembei, huyu anasogezwa.

Breki alimtazama kwenye kioo cha kompyuta, akajikuna kidevu.

"Dada Kimya, usinichukie," akasema. "Huyu bibi wako anatembea kama meza."

"Meza haitembei," akajibu Kimya kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana yangu sasa!"

Kazi ya Breki ilikuwa kuchukua picha zilizochorwa na Kimya na kuzifanya ziitike kidole cha mtu kwenye simu. Waliokaa naye ofisini walimpa jina hilo kwa sababu kila jambo, hata liwe zuri namna gani, alilianza kwa kusema, "Ngoja kwanza." Kimya naye hakuhitaji kueleza jina lake lilitoka wapi. Msichana huyo angeweza kushinda kutwa nzima kwenye kona yake karibu na dirisha, akachora, akafuta, akachora tena, na mwisho wa kazi watu wakaulizana kama alikuja.

Ukurasa wa mtandaoni waliokuwa wanautengeneza uliagizwa na hospitali ya watoto. Sista mmoja wa wodi ya upasuaji alikuja mwenyewe ofisini kueleza shida yake. Mtoto, alisema, haogopi kisu, maana kisu hakioni. Anaogopa mlango asioujua, taa kubwa, watu waliofunikwa nyuso. Basi wakakubaliana watengeneze safari. Mtoto akiwa bado nyumbani anafungua simu ya mzazi wake, anaona geti la hospitali, na getini amesimama bibi mwenye kilemba na kikapu. Mtoto akipandisha kidole kwenye kioo, bibi anatembea. Akiacha, bibi anasimama na kumsubiri. Akirudisha kidole, bibi anarudi. Akigusa geti, linafunguka. Akigusa taa, inawaka. Akimgusa daktari, barakoa inashuka na chini yake kuna mtu anayetabasamu, mwenye pengo la jino. Mwisho wa safari kuna kitanda. Ukikigusa shuka linajifunua.

Vyote hivyo vilikuwa tayari, tena vilipendeza. Kilichobaki ni bibi.

"Mtoto hamfuati mtu asiyemwamini," Sista aliwaambia alipokuja kuangalia kazi. "Huyu wenu, mniwie radhi, hata mimi mtu mzima nisingemfuata."

Bosi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyokaa zaidi kichwani kuliko machoni, alimsindikiza Sista mpaka nje, kisha akarudi na kusimama nyuma ya kiti cha Kimya. Alimpiga begani kidogo tu, akaenda zake, na kule kupigwa begani kukamwelemea Kimya kuliko kama angegombezwa.

Alikuwa amejaribu kila njia. Alitazama video za watu wakitembea, akazichora. Alichungulia dirishani akawatazama wapita njia, akawachora. Lakini wapita njia wote walitembea mwendo mmoja, shingo imeinama, macho kwenye simu, na bibi mwenye mwendo huo angewafikisha watoto shimoni.

Jioni hiyo alirudi nyumbani kichwa kizito.

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na ua waliochangia na majirani. Kimya aliishi hapo na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi alikuwa mpiga pasi. Nguo za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, na chumba cha mbele kilikuwa na harufu ya kitambaa chenye joto asubuhi mpaka jioni. Kama ilivyo kwa watu wengi wanaofanya kazi wamesimama, mdomo wake haukupumzika. Alizisema nguo, aliwasema wenye nguo, na wateja walikuwa wakichelewa kuondoka makusudi ili wasikie watakachosemwa.

"Shati hili lina mikunjo kuliko uso wa mwenyewe," angesema, na mwenyewe amesimama hapo hapo.

"Shangazi, unanizeesha!"

"Mimi nazeesha? Mimi nanyoosha. Ungeniachia na huo uso ningeupitia."

Shangazi alikuwa na mguu wa kushoto uliovunjika akiwa mtoto, ukaunga vibaya. Habari hiyo Kimya aliijua kama anavyojua kwamba dirisha la jikoni halifungi. Haikuzungumzwa. Ilikuwepo tu.

Basi jioni hiyo Kimya alikuwa ameketi kizingitini, shavu kwenye kiganja, mawazo yako ofisini. Shangazi akatoka na mzigo wa mashati yaliyokunjwa, akakatiza ua kumpelekea mteja aliyekuwa anangoja upande wa pili. Jua lilikuwa limeinama. Kimya akamwona akipita mbele yake kwa ubavu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, akamtazama.

Mguu wa kulia ulikanyaga imara, kama mtu anayepiga muhuri. Wa kushoto haukufuata moja kwa moja. Ulizunguka kwa nje, ukachora nusu duara mavumbini, kama mtu anayesukuma droo kwa mguu. Bega likashuka. Mashati yakaegemea upande, ukadhani sasa yanaanguka yote, na hapo hapo shingo ikarefuka, kidevu kikainuka, na Shangazi akawa amefika kwenye hatua yake kana kwamba hakukuwa na hatari yoyote. Kisha tena. Kila hatua ilikuwa swali na jibu lake.

Kimya aliinuka akaenda kutafuta penseli.

Alichora kwanza zile picha kubwa: mguu chini, bega chini, kidevu juu. Ofisini akachora za katikati, ile kazi ya kuchosha ya kujaza njia kutoka picha moja kwenda nyingine. Alisogeza goti kidogo, akarudisha. Alichelewesha kile kidevu, akakiwahisha, akakichelewesha tena kiasi cha nywele. Siku zikapita. Breki alipounganisha picha hizo na kupandisha kidole kwenye simu, bibi mwenye kilemba aliondoka getini, akazungusha mguu, akashusha bega, akainua kidevu.

Breki hakusema ngoja kwanza.

"Huyu ni mtu," akasema mwishowe.

Bosi aliteremsha miwani kutoka kichwani mpaka machoni, jambo ambalo wengi pale hawakuwahi kuliona, akamsukuma bibi kwa kidole mpaka kitandani. Halafu akamrudisha getini, akamsukuma tena, bila sababu ya kikazi.

Sista aliupeleka ukurasa wodini ili watoto waujaribu kabla haujafunguliwa kwa watu wote. Akarudi akicheka. Kulikuwa na mtoto, alisema, aliyejificha uvunguni mwa kitanda tangu asubuhi, hataki mama, hataki biskuti. Wakampa simu huko huko uvunguni. Baadaye wakamsikia anasema, "Haya bibi, tupite huku," na muda si mrefu kichwa kikatokeza. Kwa hiyo wakakata shauri: mwisho wa juma ukurasa unafunguliwa.

Hakuna aliyemuuliza Kimya mwendo ule ameutoa wapi, wala haikuwa ajabu. Wachoraji wa picha zinazotembea huchukua popote. Bundi mmoja aliyewahi kuchorwa pale ofisini alipiga miayo ya Breki. Tembo mmoja alipiga chafya ya Bosi, na Bosi mwenyewe aliicheka chafya hiyo asijue ni yake. Ilikuwa desturi ya kazi. Mtu huchota kama anavyochota maji mtoni, haulizi ni ya nani. Tena mwendo ukishakatwakatwa vipande, ukawa picha ya goti na picha ya kisigino, haufanani tena na mwendo wa mtu. Unakuwa mistari tu. Kimya aliitazama mistari ile muda mrefu mpaka Shangazi akafutika ndani yake. Alichokuwa anakiona ni kazi, na kazi ilikuwa nzuri.

Ndiyo sababu alirudi nyumbani mbiombio, akamwekea Shangazi simu mbele ya pua, yeye ambaye hakuwahi kumwonyesha mtu kazi yake.

"Tazama, Shangazi. Ndiyo hii."

Shangazi alisimamisha pasi kwa kitako chake, akapangusa vidole kwenye gauni, akaishika simu mbali na macho kama mtu aliyeshika jogoo.

"Nifanyeje?"

"Gusa geti."

"Ee! Limefunguka!" Akacheka. Akagusa taa, ikawaka. "Kumbe ndiyo mnayoyafanya huko, kuwawashia watu taa bila umeme. Na huyu bibi mzuri, kilemba chake kimefungwa na nani? Na yeye nimguse?"

"Yeye unamsukuma. Pandisha kidole, polepole."

Shangazi akapandisha kidole. Bibi akatembea. Kidole kikasimama, bibi akasimama. Kikapanda tena, taratibu zaidi. Kikashuka, na bibi akarudi kinyumenyume, mguu ukizunguka. Mbele. Nyuma. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni mwa Shangazi, ila lilikuwa limesahauliwa hapo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Akaiweka simu juu ya meza ya pasi.

"Huyu ni nani?"

"Bibi tu, Shangazi. Hana jina."

"Jina hana," akasema Shangazi. "Mguu anao."

Hapo ndipo Kimya alipoona. Ile mistari yote ikajikusanya kwa mara moja ikawa mtu, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake.

"Shangazi, mimi—"

"Nyamaza kwanza. Si ndiyo kazi unayoiweza?" Hakupandisha sauti. Alichukua shati, akalitandaza, akaanza na kola kama kawaida. "Nikiwa mdogo nilikuwa natumwa dukani. Wenzangu walikuwa wananifuata kwa nyuma. Mstari mzima. Kila mmoja anautupa mguu. Nikigeuka, wanasimama, wanatazama juu kama wanahesabu mawingu. Nikiendelea, wanaendelea. Nikisimama, wanasimama. Wakubwa walikuwa wanawakemea, 'Acheni, hujafa hujaumbika,' lakini walikuwa wanacheka kidogo kwanza ndipo wakemee. Nilikuwa nawasikia."

Pasi ikapita kwenye bega la shati, ikarudi.

"Nikakua. Nikatafuta kazi ambayo watu wananijia wao. Wananikuta nimesimama. Sasa wewe umewarahisishia. Hawana haja hata ya kunifuata juani. Kidole tu. Mbele, nyuma."

"Watoto wanampenda," Kimya akasema. "Kuna mmoja alitoka uvunguni."

"Hata wale wenzangu walikuwa na furaha. Sijawahi kuona watoto wenye furaha kama wale."

Kimya akaichukua simu mezani.

"Chai iko kwenye chupa," akasema Shangazi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi Kimya alikuta blauzi yake imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, kama siku zote. Siku zote ingeambatana na neno: "Hiyo blauzi imenyooka, sasa na wewe nyooka," au jingine la namna hiyo. Siku hiyo ilitundikwa tu. Kimya akaivaa, akaona afadhali ingekuwa na mikunjo.

Ofisini alikwenda akasimama mbele ya meza ya Bosi. Hakubisha hodi wala hakukohoa. Alisimama mpaka Bosi alipoinua macho na kushtuka.

"Wewe! Umeanza lini kuwa hapo? Kuna nini?"

"Mwendo wa bibi," akasema Kimya. "Sio wangu."

Bosi akanyooka kitini. "Umeunakili? Kwenye ukurasa wa watu? Niambie sasa hivi, kabla hatujafungua."

"Ni wa shangazi yangu. Hataki."

Bosi akashusha pumzi mpaka karatasi zikatikisika. "Ah! Umenitisha bure. Nilidhani umeniletea kesi. Kimya, mwendo hauna mwenyewe. Angalia huko nje, wote wanatembea."

"Huu unaye mwenyewe."

"Nani atamjua? Watu wa mtaani kwenu wanafungua kurasa za hospitali?"

"Yeye atajua."

Breki alikuwa amesogea na kiti chake chenye magurudumu, akijifanya anatafuta kalamu. "Ngoja kwanza," akasema. "Si tumwombe tu ruhusa? Twende wote, tumpelekee Sista amweleze habari ya yule mtoto. Mama mwenye moyo atakataa?"

"Hatakataa," akasema Kimya. "Nikimwomba sasa atakubali. Atakubali kwa sababu ni mimi ninayeomba, na kazi imeshafanyika. Halafu atanyamaza. Sitaki akubali hivyo." Wote wawili wakamtazama, kwa kuwa hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja.

Bosi aliivuta miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi kazi.

"Sawa. Umtoe. Na nani atatembea? Turudishe meza?"

"Nitatumia mwendo wangu," akasema Kimya.

Maneno hayo yalimtoka bila yeye kuyapanga. Breki akaangua kicheko.

"Wako? Kwani wewe huwa unatembea? Juzi ulipita nyuma yangu, nikadhani kiti kimejisogeza chenyewe."

Lakini alichukua simu yake, wakatoka kwenye korido.

Korido ile ilikuwa ndefu, yenye milango upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili. Breki akasimama mwisho wake. "Haya, njoo. Kama kawaida yako, usinione."

Kama kawaida yako! Kimya alianza kutembea na papo hapo hakujua mikono huwa inawekwa wapi. Mguu mmoja ulitangulia, wa pili ukauliza uende lini. Alipita mbele ya Breki mbio kama anayekimbia mvua.

"Umetoka kwenye picha. Rudia."

Akarudia. Mara hii aliutazama mlango mmoja akajikwaa pasipo na kitu.

"Rudia, dada. Hakuna anayekuuma."

Alirudia mpaka miguu ikachoka kuona haya, ikaenda yenyewe. Kisha wakakaa kwenye ngazi kutazama. Kwenye kioo kidogo alitokea mwanamke aliyetembea ameugandama ukuta, bega lake karibu lifute rangi. Vidole vya mkono mmoja vilipita vikigusagusa ukuta kama vinausomea. Hatua zake zilikuwa fupi, na kila alipofika penye mlango ulio wazi aliharakisha, akainamisha kichwa, akapita, kisha akapunguza tena.

"Ndivyo ninavyotembea?"

"Tangu siku ya kwanza," akasema Breki, bila utani safari hii. "Sisi tulidhani unajua."

Wahenga walisema nyani haoni kundule, lakini hawakusema anajisikiaje siku akionyeshwa. Uso wa Kimya uliwaka moto. Alitamani kuinyakua ile simu aitupe. Watu walikuwa wameuona mwendo ule kila siku, wakauzoea, wakauzungumza labda, naye alipita katikati yao akidhani haonekani. Akamkumbuka Shangazi ameshika simu mbali na macho, kidole kinapanda, kinashuka.

Akaenda kwenye kona yake, akaanza kuchora.

Kabla ya hapo, hata hivyo, alifungua mahali zilipokuwa picha za zamani akazifuta moja baada ya nyingine. Halafu akaenda kwa Breki.

"Na kwako."

"Hata nakala?"

"Hata nakala."

Breki aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa, akakiweka. "Dada, niliachwa na mchumba mwaka jana na haikuniuma hivi." Akabonyeza. Bibi aliyeinua kidevu akaondoka duniani.

Sista alipoletewa bibi mpya alimsukuma kutoka getini mpaka kitandani, akakunja uso.

"Wa kwanza alikuwa bora," akasema.

Kimya akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, hata yeye aliiona.

"Huyu ana woga. Ona anavyoushika ukuta." Akamrudisha nyuma, akamtazama tena akipita mlangoni mbiombio. "Lakini na wao wana woga. Haya, niachieni. Nitaenda naye."

Ukurasa ukafunguliwa. Watoto waliomjua yule wa kwanza waliuliza amekwenda wapi, Sista akawajibu amepumzika. Waliobaki hawakujua tofauti, wakamsukuma aliyekuwepo. Sista alimsimulia Bosi kwa simu, na Bosi akaisimulia ofisi nzima, kwamba mtoto mmoja wa kike hakukubaliana kabisa na ile tabia ya kuharakisha milangoni. Kila bibi alipoupita mlango mbio, mtoto alimrudisha kwa kidole, akaufungua mlango, akamlazimisha asimame pale. "Ona, bibi," alisikika akisema. "Si kitanda tu? Ona vizuri."

Jioni Kimya alimkuta Shangazi ameinamia rundo la mashati. Walikuwa wanasalimiana vizuri siku hizo, wanaulizana habari za chumvi na sabuni. Nyumba ilikuwa safi na tulivu, na utulivu huo ulimchosha Kimya kuliko kelele.

"Shangazi, nimemtoa."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nakuambia tu. Kuna mwingine sasa."

Pasi ilikwenda, ikarudi. Mwishowe Shangazi akanyoosha mkono bila kutazama, na Kimya akamwekea simu kiganjani.

Akapandisha kidole. Bibi akaondoka getini akaufuata ukuta, bega limejikunja, vidole vinagusagusa. Akafika mlangoni, akainama, akapita kasi. Shangazi akasimamisha kidole. Akakipandisha tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Kimya, aliyeogopa kwamba analia, akasogea.

"Huyu," akasema Shangazi akihema, "huyu ameiba kuku wa nani?"

Akacheka mpaka akaishika meza. "Ni wewe! Hata kama wangekupaka masizi ningekujua! Ulikuwa unapita hivyo hivyo ukishamaliza sukari. Ukuta huu hapa unakujua, rangi yote uliimaliza wewe!"

Kimya naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka moto. Walipotulia, Shangazi alifuta macho kwa mkono wa shati la mtu, akalitazama, akalirudisha kwenye rundo la kupigwa upya.

"Watoto watakusukuma," akasema.

"Wasukume."

"Na hao wa ofisini walikutazama ukitembea?"

"Walinipiga video. Mara nyingi."

"Ukajisikiaje?"

Kimya alifikiri. "Miguu ilisahau."

"Ehe," akasema Shangazi. "Miguu inasahau." Akalisema kama fundi anayezungumza na fundi mwenzake.

Nje jirani alikuwa anaanua nguo, vibanio vinaanguka kimoja kimoja kwenye ndoo.

"Na yule mwingine umemweka wapi?"

"Nimemfuta."

"Kabisa?"

"Hata nakala."

Shangazi aliipitia kola moja kwa muda mrefu, kola ambayo ilikuwa imeshanyooka.

"Alikuwa anatembea vizuri," akasema, macho yake kwenye kola. "Pale anapoinua kidevu. Ni mimi nafanya hivyo, au ulimwongezea tu?"

"Ni wewe. Kila hatua."

"Mm." Pasi ikasimama. "Sikujua. Hilo hakuna aliyewahi kunionyesha. Wale walikuwa nyuma yangu, wangekionea wapi kidevu?"

Akayakunja mashati ya mwisho, akayapanga, akayabeba mikononi. Mwenye mashati alikuwa anangoja ng'ambo ya ua, anazungumza na jirani. Shangazi alifika kizingitini akasita.

"Tangulia," akasema. "Kasimame kule, unitazame nikija. Lakini usichore."

"Sichori."

"Hata kichwani usichore. Nakujua."

Kimya akakatiza ua, katikati kabisa, kwa kuwa ua haukuwa na ukuta wa kuushika, akageuka. Mikono yake hakujua aiweke wapi, akaiacha ining'inie. Shangazi akashuka kizingiti. Mguu wa kulia ukakanyaga. Wa kushoto ukazunguka. Bega likashuka, mashati yakaegemea, naye akawa anakuja polepole, amemkazia macho mpwa wake kama anayetaka kusomewa kitu kilichoandikwa usoni pake mwenyewe.

"Haya, unaona nini?" akauliza kutoka katikati ya ua.

"Naona unakuja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Shangazi."

"Basi sogea upokee mashati haya, mikono inakatika!"

Kimya akasogea, akayapokea. Yalikuwa bado na moto.